Maisha ya Steven Kanumba, Mwigizaji

Katika nchi ya Uzaramo, toka Kisarawe mpaka Maneromango na vijiji vilivyo mbele yake, watu wanajua kuigiza tangu kale. Mtu akifa, watani wake huja matangani. Mmoja wao huvaa kanzu ya marehemu, akatembea kama alivyotembea yeye, akakohoa kama alivyokohoa, akamwuliza jirani habari za kuku aliyekopwa mwaka jana. Na watu waliokuwa wakilia huanza kucheka, hata mjane naye hufuta machozi akatabasamu. Watani hao aghalabu ni Wanyamwezi na Wasukuma, maana utani wao na Wazaramo ni wa tangu siku za misafara, wapagazi waliposhuka pwani na mizigo ya pembe wakipita katika nchi hii. Basi haikuwa ajabu kubwa kwamba mwigizaji ambaye sura yake ilijulikana hata katika vijiji vya ndani, mahali ambapo magazeti hayafiki ila kwa nadra, alikuwa kijana wa Kisukuma.

Jina lake lilikuwa Steven Charles Kanumba. Alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 katika Shinyanga, nchi ya pamba, ng'ombe na almasi, ambayo toka pwani ni safari ya kilomita zipatazo 1,000 kwa barabara. Alisoma katika shule ya msingi ya Bugoyi, kisha akaingia shule ya sekondari ya Mwadui, karibu na mgodi wa almasi uliovumbuliwa na Mkanada John Williamson mwaka wa 1940. Hakumaliza huko. Alihamia Dar es Salaam, akamaliza kidato cha nne katika shule iitwayo Dar Christian Seminary, na masomo ya kidato cha tano na cha sita akayapata Jitegemee. Kuigiza alikuwa amekwisha kuanza katika miaka ya 1990, angali mtoto. Kwa hiyo alipofika mjini hakuja kutafuta kazi asiyoijua, bali alikuja kutafuta mahali pa kuifanyia.

Lakini mahali penyewe palikuwa pachache. Kwa muda mrefu watu wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, walijua michezo ya kuigiza ya jukwaani, ya shuleni na makanisani, na ile ya redio. Wazee hata leo hukumbuka vituko vya Pwagu na Pwaguzi katika Redio Tanzania, ambavyo watu walivisikiliza wakiwa wameizunguka redio moja ya jirani. Unguja walipata televisheni katika miaka ya 1970, na tena ya rangi. Bara haikuwako mpaka mwaka wa 1994. Tangu hapo stesheni zilihitaji vitu vya kuonyesha, na vikundi vya waigizaji vikapata kazi. Kimoja chao kiliitwa Kaole, nacho kilionyesha michezo yake kwa televisheni ya ITV. Mchezo uliendelea juma kwa juma, ukikatika mahali penye wasiwasi mwingi, ili watu wangoje juma lijalo kujua kama msichana ataolewa au kama mwizi atakamatwa.

Kanumba aliingia katika kikundi cha Kaole mwaka wa 2002, akiwa na umri wa miaka 18. Huko alikutana na vijana wengine ambao baadaye walipata sifa, kama Vincent Kigosi, ambaye watu humwita Ray, na Blandina Chagula, aitwaye Johari. Ray alikuwa rafiki yake na pia mshindani wake. Mara nyingi watazamaji waligawanyika, hawa wakimsifu mmoja na hawa wakimsifu mwingine, kama wafanyavyo wapenzi wa mpira. Malipo ya televisheni yalikuwa madogo. Faida ya kazi ile ilikuwa nyingine: juma kwa juma kijana alijifunza kusimama mbele ya kamera bila kuitazama, kusema maneno ya mtu mwingine kana kwamba ni yake, na kulia bila kufiwa. Jambo hili la mwisho ni gumu kuliko watu wadhaniavyo. Mtani wa matangani huchekesha kwa kuzidisha. Mwigizaji wa sinema akizidisha hata kidogo, kamera humfichua.

Wakati huohuo mambo makubwa yalikuwa yakitokea katika biashara ya sinema. Huko Nigeria, tangu mwaka wa 1992 ilipotoka filamu iitwayo Living in Bondage, wafanya biashara walikuwa wamegundua kwamba hadithi inaweza kupigwa kwa kamera ndogo ya video, bila mitambo ya gharama, ikauzwa sokoni kama zinavyouzwa kanda za muziki. Filamu hizo zilienea Afrika nzima. Tanzania zilionyeshwa katika vibanda vya video, mjini na vijijini. Mahali pasipo umeme wa serikali mwenye kibanda aliwasha jenereta, akatundika kitambaa dirishani ili mwanga usiingie, akatoza kiingilio kidogo, na watoto wakakaa chini mbele ya mabenchi. Kwa kuwa waigizaji walisema Kiingereza, na watazamaji wengi hawakukijua, walitokea wafasiri. Mfasiri alisimama karibu na televisheni, au alitia sauti yake katika kanda yenyewe, akaeleza yanayosemwa, akaongeza na mzaha wake, na pengine akawapa watu wa Lagos majina ya mitaa ya Dar es Salaam. Baadhi ya watazamaji walimpenda mfasiri kuliko sinema.

Watu walipoona hayo wakasema: ikiwa Wanigeria wameweza, kwa nini sisi tusiweze? Filamu iitwayo Girlfriend, iliyotoka mwaka wa 2003, huhesabiwa na wengi kuwa ndiyo iliyofungua mlango. Baada yake filamu za Kiswahili zilitoka moja moja, kisha kumi kumi, hata mwisho zikawa nyingi kiasi cha kutohesabika kwa urahisi. Na watu wakazipa jina la Bongo Movie, maana Bongo ni jina la mzaha la Dar es Salaam, mji ambao asiyetumia ubongo wake hawezi kuishi ndani yake.

Kanumba hakungoja Wanigeria waje. Mwaka wa 2006 ilitoka filamu Dar 2 Lagos, ambayo aliigiza pamoja na waigizaji wa Nigeria, akiwamo Mercy Johnson. Leo jambo hilo laonekana dogo. Siku zile lilikuwa kama timu ya wilaya kualikwa kucheza na mabingwa. Watazamaji wa vibandani waliokuwa wamezoea kuona nyuso za Lagos peke yake waliona uso wa kijana wa kwao katikati ya nyuso zile, naye hakuonekana mdogo. Mwaka wa 2007 alitokea katika She Is My Sister, na mwaka wa 2008 katika Oprah, ambayo aliigiza pamoja na Ray. Hiyo ilipendwa sana. Miaka michache baadaye alimleta Ramsey Nouah, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Nigeria, wakacheza pamoja katika Devil Kingdom, iliyotoka mwaka wa 2011. Basi katika muda wa miaka mitano aliyekuwa mgeni wa Wanigeria alikuwa amekuwa mwenyeji wao.

Msomaji ataona kwamba majina ya filamu hizi ni ya Kiingereza, ijapokuwa maneno yanayosemwa ndani ni ya Kiswahili. Hiyo ilikuwa desturi ya biashara. Wauzaji waliamini kwamba jina la Kiingereza humvuta mnunuzi, na chini ya picha waliandika tafsiri ya Kiingereza ambayo mara nyingi ilikuwa na makosa ya kuchekesha. Ni desturi ya kusikitisha kidogo. Lugha iliyowatosha watunzi wa mashairi ya Lamu na Mombasa kwa mamia ya miaka ingalitosha kuandikwa juu ya kasha la filamu.

Na habari ya Kiingereza ilimpata Kanumba mwenyewe. Mwaka wa 2009 alialikwa kuwa mgeni katika mchezo wa televisheni uitwao Big Brother Africa, uliofanyika Afrika ya Kusini na kutazamwa katika nchi nyingi. Huko alilazimika kusema Kiingereza siku nzima, na Kiingereza chake hakikuwa chepesi. Watu wa kwao wakamcheka, wengine kwa ukali mwingi, magazetini na mitaani. Waliomcheka walisahau kwamba kijana yule alikua akisema Kisukuma na Kiswahili, na kwamba wao wenyewe, kama wangeketishwa mbele ya Afrika nzima, pengine wangenyamaza kimya. Yeye hakunyamaza. Alirudi nyumbani, akaendelea na kazi, na katika filamu zilizofuata hakuacha kucheza na wageni wala kusema lugha yao.

Sasa yafaa kueleza jinsi filamu hizo zilivyotengenezwa, maana wengi wanaoziona hudhani ni kazi ya starehe. Kwanza mtu huandika hadithi. Kisha hutafutwa nyumba nzuri ya kuazima au kupanga kwa siku chache, na gari la kuazima, na nguo, ambazo mara nyingi waigizaji huja nazo wenyewe. Kazi ya kupiga picha ilimalizika kwa majuma machache, na nyingine kwa siku kadhaa tu, maana kila siku ya zaidi ni chakula cha watu wengi na kodi ya kamera. Umeme ukikatika, kazi husimama. Mwadhini akiadhini au bodaboda ikipita kwa kelele, maneno hurudiwa. Baada ya hapo mtu wa kompyuta hukata vipande na kuviunganisha, huongeza muziki, na filamu ikawa tayari. Mara nyingi iligawanywa kuwa sehemu mbili, diski mbili mbalimbali, ili mnunuzi aliyetaka kujua mwisho anunue mara ya pili. Hila hiyo waliipata kwa Wanigeria, na ni ndugu ya hila ya televisheni ya kukata mchezo penye wasiwasi.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo kubwa. Mtengenezaji hakuwa na maduka. Ilimlazimu kumwendea mfanya biashara mkubwa wa diski mwenye kusambaza mikoani, na mfanya biashara, kwa desturi ya soko, alinunua filamu pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mara moja. Ikiuzwa diski elfu tano au elfu hamsini, mwigizaji hakujua, wala hapakuwa na njia nyepesi ya kujua. Aliyeuza haki zote hakubakiza kitu cha kuwarithisha jamaa zake ila sura yake katika kioo. Na chini ya biashara hiyo palikuwa na wezi: filamu ilitoka asubuhi, na jioni nakala zake zilikwisha kutengenezwa kwa kompyuta na kuuzwa kwa bei ya nusu. Sheria ya hakimiliki ilikuwako tangu mwaka wa 1999, pamoja na ofisi ya kuilinda, lakini sheria haina miguu ya kufika katika kila kibanda cha Tanzania. Mwaka wa 2013 serikali ilianza kutaka kila diski ibandikwe stempu ya kodi, ili halali ijulikane na ya wizi. Mwenyewe Kanumba hakuwahi kuiona stempu hiyo.

Alichofanya yeye ni kuwa na kampuni yake mwenyewe, akaiita Kanumba The Great. Jina hilo wengine waliliona la majivuno. Pengine lilikuwa hivyo. Lakini katika biashara ambayo jina la mwigizaji ndilo mali pekee aliyo nayo, mtu ana haki ya kuliandika kwa herufi kubwa. Kwa kampuni hiyo aliweza kuchagua hadithi na kuchagua watu. Na uchaguzi wake mmoja wastahili kukumbukwa kuliko mingine. Mwaka wa 2010 alitoa Uncle JJ na This Is It, filamu ambazo ndani yake watoto wadogo walipewa maneno mengi na mambo makubwa ya kufanya. Kabla ya hapo mtoto katika filamu za Tanzania aghalabu alikuwa wa kutumwa maji tu, au wa kulia pembeni wazazi wakigombana. Katika filamu hizi mtu mzima ndiye aliyesumbuliwa, akabishana na watoto, akashindwa, akaaibika. Na Kanumba, aliyependa kuvaa nadhifu na kutembea kama bwana, alikubali kuchekwa na watoto wa miaka michache. Watoto wa Tanzania waliziona filamu hizo tena na tena. Wengi wanazijua kwa moyo, mpaka kikohozi.

Mwaka wa 2012 ulipoanza alikuwa na miaka 28, na jina lake lilikuwa juu kuliko la mwigizaji yeyote wa nchi. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili, baada ya siku ya Ijumaa Kuu, alikuwa nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Yakatokea magomvi kati yake na msichana mmoja, mwigizaji mwenzake, naye akaanguka. Walipomfikia hakuwa na fahamu tena, na hakuzinduka. Madaktari wa Muhimbili walioupima mwili walieleza kwamba alikufa kwa mtikisiko wa ubongo. Msichana yule alishitakiwa. Kesi ilichukua miaka mingi. Kwanza ilikuwa ya kuua kwa kusudi, kisha ikageuzwa kuwa ya kuua bila kukusudia, na mwezi wa Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimwona ana hatia, ikamhukumu kifungo cha miaka miwili. Mwaka wa 2018 alitolewa gerezani, amalizie adhabu yake kwa kufanya kazi za jamii. Mengi zaidi yalisemwa mitaani wakati ule, na hata leo husemwa; lakini mahakama ndiyo iliyosikiliza mashahidi.

Habari za kifo zilienea alfajiri kwa simu, kabla redio hazijatangaza. Wengi hawakuamini. Walikuwa wamemwona akifa mara nyingi katika filamu, na kila mara akarudi katika nyingine. Watu wakamiminika Sinza mpaka njia zikafunga, na Rais Jakaya Kikwete naye akaenda kuwapa pole wafiwa. Siku ya Jumanne, tarehe 10 Aprili, mwili uliwekwa katika viwanja vya Leaders Club ili watu waage. Magazeti yalikisia kwamba walifika watu zaidi ya 30,000. Makamu wa Rais, Mohamed Gharib Bilal, alikuwa miongoni mwao. Wengi walizimia kwa joto na kwa huzuni, hata ikawa haiwezekani wote kupita mbele ya jeneza. Akazikwa katika makaburi ya Kinondoni, mbali na Shinyanga yao.

Walimwengu wengine wamewahi kupatwa na jambo kama hili. Marekani, kijana James Dean alikufa kwa ajali ya gari mwezi wa Septemba 1955, akiwa na miaka 24, na filamu zake mbili kati ya tatu kubwa zilitoka yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Bruce Lee, ambaye vijana wa Dar es Salaam waliiga mapigo yake vichochoroni, alikufa mwaka wa 1973 kabla filamu yake kubwa kuliko zote haijatoka. Kwa Kanumba pia ilikuwa hivyo: Love and Power ilifika madukani baada ya mazishi, na watu waliokuwa wamelia Leaders Club wakamnunua akiwa hai, akisema na kutembea.

Biashara yenyewe haikukaa sana baada yake. Wako wasemao kwamba Bongo Movie ilikufa pamoja na Kanumba, na neno hilo husemwa kwa urahisi mno. Kweli, aliondoka mtu aliyewavuta wanunuzi na kuwatia wenzake ari. Lakini nakala za wizi ziliendelea, hadithi zilianza kufanana, na kisha ikaja simu yenye kuonyesha picha, na diski zikabaki kukusanya vumbi. Vibanda vingi vya video viligeuka kuwa vya kuonyesha mpira wa Ulaya. Waigizaji walirudi katika televisheni, kwenye michezo ya juma kwa juma, yaani mahali palepale walipoanzia watu wa Kaole.

Filamu za Kanumba nazo zilihamia katika simu. Mtoto wa Maneromango aliyezaliwa baada ya mwaka wa 2012 anaweza kumwona leo chini ya mwembe, kwa simu ya kaka yake, akibishana na watoto katika Uncle JJ. Naye mara nyingi hajui kwamba mtu huyo amekufa mpaka mkubwa mmoja amwambie. Tarehe ya kufa kwake ni rahisi kuikumbuka, kwa kuwa 7 Aprili ni siku ya kumkumbuka Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa Unguja mwaka wa 1972, na shule hufungwa.